Risala ya Waandishi wa Programu kwa Wabunifu wa Lugha ya Go

Waheshimiwa wabunifu,

Sisi tunaoandika programu za seva kwa lugha ya Go tunaleta risala hii kwa heshima na taadhima. Tangu mlipoitangaza lugha hii Novemba 2009, kazi nyingi za wakati mmoja tunazianzisha kwa neno moja tu, go. Kwa hilo tunawashukuru kwa dhati. Kilio chetu ni juu ya yale yanayotokea kazi hiyo, yaani gorutini, ikishaanza.

Kubwa kuliko yote, gorutini haina mwenyewe. Ombi la mteja linafika. Fanksheni inaanzisha gorutini iulize hifadhidata, kisha inasubiri jibu kwenye chaneli isiyo na akiba, mwisho sekunde 2. Hifadhidata ikichelewa, fanksheni inamrudishia mteja kosa na kuondoka zake. Sekunde ya 3 jibu linakuja, gorutini inalipeleka kwenye chaneli ambayo haina tena mpokeaji, na hapo inakwama. Kompaila haikuonya. Mfumo wa kuzoa kumbukumbu hauigusi. Maombi kama hayo yakirundikana, seva inaishiwa kumbukumbu usiku wa manane, na anayeamshwa ni sisi.

Tena, gorutini moja ikipatwa na paniki isiyodakwa ndani yake, programu nzima inaanguka, hata kama aliyeianzisha ameweka kinga kwake. Na amri ya kusitisha kazi tunaipitisha kwa mkono, fanksheni hadi fanksheni, kama hoja ya kwanza. Mmoja akisahau, mnyororo umekatika.

Tunajua kuna kifurushi cha errgroup cha kusimamia kundi la gorutini, lakini kiko nje ya maktaba sanifu, na hakuna kinachomlazimu mtu kukitumia. Tunachodai ni kipande cha msimbo ndani ya lugha yenyewe, kinachomiliki kila gorutini iliyoanzishwa humo: kisifungwe mpaka zote zimalize, na kosa la moja lizisimamishe nyingine kisha limrudie mwanzilishi. Swift iliingiza utaratibu wa namna hii mwaka 2021. Pia tunaomba kompaila ikatae mapema walau yale mashindano ya data yaliyo dhahiri, kwa kuwa kigunduzi cha sasa huona tu yale yaliyotokea programu ikiendeshwa.

Mtatukumbusha ahadi ya Go 1, ya Machi 2012, kwamba programu za zamani hazitavunjwa. Nasi tunaitegemea ahadi hiyo. Hatuombi neno go liondolewe. Lakini toleo 1.22 la mwaka 2024 lilibadili maana ya kigezo cha kitanzi cha for, kilichokuwa kikiziponza gorutini zetu miaka yote, na badiliko likafungwa kwenye namba ya toleo ndani ya faili la go.mod la kila mradi. Programu za zamani hazikuguswa. Njia hiyo mmeifungua wenyewe.

Tunaomba dai hili lijadiliwe kabla ya toleo lijalo, na tujibiwe kwa hoja.

Tunaomba kuwasilisha.