Hata anayekosa kazi anastahili jibu

Somo: Mathayo 20:1-16



Mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu tumezoea kuuhubiri kuanzia mwisho wake, pale kwenye malipo. Tunabishana kuhusu ile dinari: inakuwaje aliyefanya kazi saa moja alipwe sawa na aliyechomwa na jua kutwa nzima? Leo naomba tuanzie mwanzo, kule sokoni, kabla mtu yeyote hajashika jembe. Maana mfano huu, kabla haujawa habari ya malipo, ni habari ya kutafuta kazi na kuajiri.

Mwenye shamba alitoka alfajiri kutafuta watu. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji mtu wa kutufafanulia. Saa kumi na moja ni jioni, kivuli kimerefuka, na wenye biashara wanaanza kufunga vibanda. Saa hiyo alikuta watu bado wamesimama. Akawauliza kwa nini wameshinda pale bila kazi. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Wapo wanaowaita watu hao wavivu. Mimi siwaoni hivyo. Mvivu angekuwa amerudi nyumbani tangu saa sita. Hawa walisimama mchana kutwa wakiona wenzao wanachukuliwa, kundi baada ya kundi, wao wakibaki. Kuna uchovu wa kufanya kazi, na kuna uchovu wa kuisubiri. Waliopitia ule wa pili watakwambia ndio mkali zaidi.

Soko la leo tunalijua. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Kwa kila nafasi moja walijitokeza watu zaidi ya 80. Nafasi haziwezi kuwatosha watu hao wote, na hakuna mwajiri mwenye akili atakayelaumiwa kwa hesabu hiyo. Lakini hesabu hiyo inatufundisha jambo moja: kwa kila mmoja anayepata kazi, wapo makumi wanaokosa. Basi kipimo cha utu wa mwajiri hakiwezi kuwa tu namna anavyomkaribisha aliyepata. Tumpime pia kwa namna anavyomuaga aliyekosa.

Na hapo ndipo vijana wetu wanapoumia. Wasikilize siku moja baada ya ibada, wanapozungumza chini ya mti wakisubiri kwaya ianze mazoezi. Kijana anaitwa kwenye usaili kwa simu ya jioni, atakiwe kesho asubuhi katika mji mwingine. Mama anakopa nauli kwenye kikoba. Shati linaazimwa kwa jirani. Anatoa nakala za vyeti, anapanda basi la usiku, ananawa uso kituoni. Anafika saa mbili kasoro, anaketi kwenye benchi mpaka saa nane. Anaingia, anaulizwa maswali matatu na watu wawili, mmoja wao akichezea simu. Anaambiwa atapigiwa. Anarudi nyumbani na matumaini yake.

Halafu kimya. Wiki inapita, mwezi unapita. Simu haizimwi hata kanisani, isije ikaita wakati wa sala. Kila namba ngeni inapokewa kwa sauti ya heshima, kumbe ni mtu amekosea namba. Akipiga kuulizia, anaambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Baada ya miezi miwili anasikia kwa watu kwamba mtu alishaanza kazi siku nyingi.

Matangazo mengi ya kazi yana mstari mmoja chini kabisa, unaosema kwamba ni wale tu watakaochaguliwa watakaojulishwa. Tumeuzoea hata hatuuoni tena. Kwa anayetuma barua tu, labda tunaweza kuuvumilia. Lakini mtu uliyemwita, akatumia nauli, akaketi mbele yako, akakueleza maisha yake na kukuonyesha vyeti vyake, mtu huyo una deni kwake. Mithali 3:27-28 inatuonya tusimnyime mtu haki yake iliyo mikononi mwetu, wala tusimwambie jirani aende arudi kesho ilhali kitu anachohitaji tunacho tayari. Mwajiri hana nafasi ya kumpa kila mtu, hilo ni kweli. Lakini jibu analo. Siku aliyomchagua mmoja, jibu la wengine wote lilikuwa tayari mezani.

Nimesikia utetezi wa maofisa rasilimali watu, na wengi wao ni wazee wa kanisa na wanakwaya wenzetu. Wanasema waombaji ni wengi, na muda hautoshi. Nawaheshimu, lakini hoja hiyo haisimami. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayoshughulika na watu wengi kuliko kampuni yoyote binafsi nchini, hutangaza hadharani majina ya wanaoitwa kwenye usaili na ya wanaopangiwa vituo vya kazi. Asiyejiona kwenye orodha anaumia, lakini anajua. Anaweza kulia siku hiyo, kesho akaamka na kutafuta kwingine. Kampuni iliyowasaili watu 15 inashindwaje kutuma ujumbe mfupi 14? Gharama yake haifiki soda moja. Kinachokosekana hapo ni kumwona yule mtu kuwa mtu.

Kimya hicho kinauma, lakini kuna jambo baya zaidi: usaili wa maonyesho. Nafasi ina mwenyewe tangu siku ya kwanza. Kimemo kimeshapita, simu ya mkubwa imeshapigwa. Tangazo linatolewa ili taratibu zionekane zimefuatwa, na vijana 20 wanachomwa nauli ili kumsindikiza mmoja aliyekwisha kupita. Huo ni uongo, hata kama kila karatasi ina muhuri. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Tangazo la kazi ni neno la mwajiri. Kusema nafasi iko wazi huku umeshaifunga ni kuwashuhudia uongo watu ambao hawana hata pesa ya kupotezewa.

Najua wapo wasomaji ambao hapa watanijibu kwa Maandiko. Watasema Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani kwake ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Nisipomsaidia mtoto wa dada yangu, nani atamsaidia? Swali hilo ni la kweli, na uchungu wake naujua. Simu za kutoka kijijini hazikomi. Lakini tusome vizuri. Paulo anataka tuwatunze ndugu kwa kilicho chetu. Mshahara wako ni wako, mlipie mpwa wako ada ya chuo cha ufundi. Chumba chako ni chako, mkaribishe akae akitafuta kazi. Mfundishe kuandika barua ya maombi, mwelekeze wapi panatangazwa nafasi. Kiti cha ofisini siyo chako. Umekabidhiwa. Anayegawa mali aliyokabidhiwa kwa ndugu zake hatoi sadaka, anachukua cha mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine ni mtoto wa mama aliyekopa nauli kwenye kikoba.

Mtazameni Yethro katika Kutoka 18. Alikuwa mkwe wa Musa, na ndiye aliyempa wazo la kuteua wasaidizi. Angekuwa mkwe wa siku hizi, angetoa karatasi mfukoni yenye majina ya wanawe. Yeye alitoa sifa: watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Akaishia hapo, kisha akarudi kwao. Mitume nao, katika Matendo 6, palipozuka manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa, hawakuteua chumbani. Waliweka sifa wazi mbele ya kusanyiko lote, watu wakachagua. Kanisa la kwanza lilijua kwamba uteuzi wa gizani huzaa manung'uniko, hata pale aliyeteuliwa anapokuwa mtu mzuri.

Kuna doa jingine ambalo tunaona aibu kulitaja madhabahuni, na aibu yetu inawalinda wakosaji. Mabinti wanaombwa miili yao ili wapate kazi. Wanaitwa usaili wa pili jioni, hotelini. Sheria ya nchi haina kigugumizi katika hili: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, dini, kabila na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa pekee. Binti anayeulizwa kwenye usaili kama anatarajia kuzaa karibuni ajue kwamba haki iko upande wake. Na mzazi ambaye binti yake amerudi analia, asimwambie anyamaze ili asiharibu jina la mtu. Amsindikize TAKUKURU. Jina la mtu huyo ameliharibu mwenyewe.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe, kanisa. Tuna shule, hospitali, vyuo, ofisi za dayosisi na majimbo. Sisi ni waajiri. Je, mwalimu aliyeomba nafasi katika shule yetu alijibiwa? Muuguzi aliyefaulu usaili wa hospitali yetu aliachwa kwa sababu gani, na nani anaweza kumweleza? Tusiwanyooshee kidole wenye kampuni wakati nasi tunaajiri kwa kujuana, kisha tunaita kujuana huko uongozi wa Roho.

Na kuna ushuhuda. Kila Jumapili mtu anasimama na kusema Mungu amemfungulia mlango, amepata kazi, na sisi tunapiga vigelegele. Ni vizuri kushukuru. Lakini mlango uliofunguliwa kwa bahasha, au kwa simu ya mjomba, tusimsingizie Mungu. Pale kwenye benchi la nyuma ameketi kijana aliyeshindania nafasi ileile na anajua kilichotokea. Tunapopiga vigelegele, yeye anasikia kwamba Mungu naye yumo kwenye orodha ya wanaopewa bahasha. Tunampoteza hapohapo, na wala hatutajua alitoka mlango gani.

Kwenu ninyi mnaotafuta, neno langu ni fupi. Msinunue vyeti, msiongeze miaka ya uzoefu ambayo hamkuifanya, msimtumie pesa mtu anayewaahidi nafasi kwa simu. Mkiwakemea waajiri kwa uongo, nanyi muingie kwenye usaili na ukweli. Na mnapokosa, msichukue ukimya wa mtu kuwa sauti ya Mungu. Yese aliwapitisha wanawe saba mbele ya Samweli bila hata kumkumbuka Daudi aliyekuwa machungani. Baba yake mzazi hakumweka kwenye orodha. Samweli ndiye aliyeuliza kama vijana wote wamekwisha, akakataa kuketi mpaka aliyesahauliwa aletwe. Kuachwa na watu hakukupunguzia thamani yoyote.

Nasi tunaokaa upande wa pili wa meza, tumfuate mwenye shamba yule. Wengi tunakumbuka ukarimu wake wakati wa kulipa. Mimi naukumbuka zaidi ule wa saa kumi na moja, aliposimama mbele ya watu waliopitwa siku nzima na kuzungumza nao. Aliwauliza, akasikiliza jibu lao. Hakupita kama hawaoni.

Kesho Jumatatu, wengi wenu mtafungua ofisi. Ndani ya droo, au kwenye kompyuta, kuna majina ya watu mliowasaili na hamjawajibu. Kabla ya chai ya saa nne, waandikieni. Semeni kwamba nafasi imepata mtu, washukuruni kwa kufika, na kama kuna jambo la kuwasaidia kufanya vizuri zaidi mahali pengine, waambieni. Kuna nyumba mahali fulani ambayo simu imewekwa karibu na mto wa kulalia tangu mwezi uliopita. Jibu lenu halitawapa mshahara, lakini litawarudishia siku zao.

Nawatakia Jumapili yenye baraka.