Krismasi ya Mombasa kwa Deni? Zii

Wazungu wakienda Málaga Krismasi naelewa. Kwao ni baridi na giza linaingia mapema, kusini mwa Uhispania wanapata kajua. Sisi wa Umoja na Kayole Desemba jua tunalo bure. Sasa Mombasa tunatoroka nini?

Tuseme ukweli, tunatoroka lile swali, "Kwani wewe hujaenda?" Posti za wasee zimejaa bahari, na wewe uko kwa ploti unangoja maji ya mfereji yarudi. Inauma, najua. Lakini kukopa kwa simu ndio upigwe picha ufuoni, hapo nakataa. Januari mwenye nyumba hapokei picha.

Na bahari yenyewe si ghali. Treni ya SGR, daraja la chini, ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024 (kwenda tu, kurudi ni zingine), bado inashikika. Feri ya Likoni ukitembea kwa miguu hulipi. Pale Pirates unaogelea bure. Kinachoumiza ni vyumba, na hivyo ndivyo hupanda Krismasi.

Mbogi ichange pole pole, iende Februari. Joto litakuwa hata zaidi.

Mi tarehe 25 niko hapa Umoja na chapati za mathe. Mkipita, bebeni soda.