Marufuku ya Butere haikugusa mfuko wa sadaka

WAUMINI waliofurika Butere, Kaunti ya Kakamega, mnamo Septemba 12, 2021, walikuwa wamekwenda kushuhudia historia. Siku hiyo Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kanisa la Kianglikana nchini Kenya.

Waliondoka na habari nyingine nzito. Mbele ya wanasiasa wakuu waliohudhuria ibada, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kuwa mimbari ni ya wahubiri pekee. Wanasiasa wangekaribishwa kuabudu, lakini wangeketi na kusikiliza kama waumini wengine. Baada ya siku chache, maaskofu wa Kanisa Katoliki nao walitoa msimamo wa aina hiyo.

Sasa taifa linapoelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, yafaa kuuliza iwapo marufuku ile iling'oa mzizi au ilikata tawi tu. Mwanasiasa aliyenyimwa kipaza sauti bado ana bahasha mfukoni.

Swali hili lina uzito kwa sababu makanisa ya kiinjilisti yamejitwika jukumu la kuwa walinzi wa maadili ya taifa. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa hayo waliipinga Katiba kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Walishindwa, kwani zaidi ya thuluthi mbili ya wapiga kura waliiunga mkono, na eneo la Magharibi lilikuwa miongoni mwa yale yaliyosema 'Ndiyo' kwa wingi. Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kuwa chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kisinyimwe usajili, wachungaji walipaza sauti tena, tena kwa kauli moja.

Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga, ila hawezi kusema hawakusikika. Kinaya ni kwamba sauti hiyo hufifia mno mjadala unapohusu wizi wa mali ya umma, hongo na ukabila. Hayo nayo ni maadili, na Biblia haikuyanyamazia.

Hali haikuwa hivi daima. Enzi za ukoloni, Arkidikoni W. E. Owen wa shirika la kimishenari la CMS, ambalo ndilo lililofungua misheni ya Butere mnamo 1912, aliikaripia serikali ya Waingereza kwa kuwatumikisha wenyeji kwa nguvu. Serikali ya Kanu ilipotumia kura ya mlolongo mwaka wa 1988, maaskofu Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari waliikemea hadharani. Gitari alikuwa mwinjilisti wa kweli, aliyeshika Maandiko kwa imani ile ile ya wachungaji wa leo. Waliweza kusema kwa kuwa hawakuwa na deni kwa waliowakemea.

Leo deni lipo. Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha waliuliza makanisani swali ambalo wazee walikuwa wamelikwepa: mamilioni haya ya harambee yanatoka wapi? Julai mwaka huo, Rais William Ruto alitangaza kuwa maafisa wa serikali hawatashiriki michango ya hadhara. Novemba, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha mchango aliokuwa ametoa kanisani. Hata hivyo, Machi 2025, Rais mwenyewe alitoa Sh20 milioni kwa kanisa moja la Roysambu, Nairobi, na vijana wakaandamana tena.

Ni rahisi kuwalaumu wachungaji. Lakini kanisa dogo la mashambani, ambalo waumini wake hutegemea shamba la mahindi au malipo ya miwa yanayochelewa, halijengwi kwa sadaka ya Jumapili pekee. Mheshimiwa anapoahidi mabati au sare za kwaya, mchungaji asiye na mshahara hupata shida kusema hapana. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nao wanasiasa wanaijua methali hiyo kuliko watu wote.

Kuna pengo jingine. Katika Kakamega, jukwaa kubwa la siasa huwa uwanja wa mazishi, nyumbani kwa marehemu. Mchungaji huongoza ibada, kisha kipaza sauti hukabidhiwa waheshimiwa, na waliofiwa hubaki kusikiliza matusi na ahadi huku jeneza likisubiri. Marufuku inayoishia mlangoni mwa kanisa haiwasaidii waombolezaji hao.

Dawa haihitaji sheria mpya. Mchango wa mwanasiasa upitie kwa kamati ya fedha kama wa muumini yeyote, usitangazwe kwa shangwe, wala usimpe mtoaji nafasi ya kuhutubia. Hesabu zisomwe mbele ya waumini. Katika mazishi, familia na mchungaji wakubaliane mapema ni nani atakayezungumza na kwa muda gani. Mchango ambao mtoaji ataukataa kwa masharti hayo haukuwa sadaka tangu mwanzo.

Makanisa yana haki ya kusema kuhusu ndoa, uhai na malezi ya watoto. Lakini kijana aliyemwona mchungaji akipokea bahasha Jumapili hatamsikiliza Jumatatu akihubiri juu ya usafi wa moyo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na hapa kinacholiwa ni imani ya waumini kwa wachungaji wao.