Wazazi Wetu Tuliowaacha Mahameni

Katika kurasa za ndani za magazeti yetu kuna tangazo lisilokosekana: picha ya marehemu, tarehe aliyotutoka, na msururu wa majina ya watoto, wakwe na wajukuu wanaomkumbuka daima. Sina ugomvi nalo. Lakini ndugu msomaji, lisome tena. Walio hai wamejaa tele, marehemu yumo peke yake, na kaburi lake halitajwi. Waulize hao wajukuu babu alizikwa wapi, watakutajia wilaya.

Nasema hasa na sisi watu wa Kusini, watoto wa Newala, Masasi na Nachingwea tuliotapakaa mijini. Kwetu jambo hili lina historia. Mwishoni mwa 1973 ilitoka amri kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wanaishi vijijini, na Operesheni Vijiji ikapita nchi nzima. Watu walibeba milango, kuku na watoto. Mikorosho na makaburi havibebeki. Hasara ya mikorosho tunaijua kwa tani: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini mkulima kuwekwa mbali na miti yake nako kulikuwa sababu. Hasara ya makaburi hakuna aliyeipima.

Hame halijifichi kwa anayelijua. Ukiona miembe mitatu imesimama pamoja katikati ya pori, hapo palikuwa na uwanja wa nyumba. Sogea uparue majani kwa mguu, utakuta kigae cha mtungi na pengine jiwe la kusagia lililobonyea katikati. Nyuma yake, kivulini, yapo mawe mawili mawili, la kichwani na la miguuni. Hayana maandishi. Anayeyasoma ni mzee mmoja tu: huyu bibi mzaa mama, yule mtoto aliyefariki kabla hajapewa jina, na kule pembeni mgeni aliyefia njiani, babu akamsitiri. Marehemu mama alikuwa akitutajia hayo huku anaokota uyoga, na sisi tukimsikiliza nusunusu. Akiondoka mzee wa namna hiyo, atakayekuja atayang'oa mawe ajengee msingi wa banda, wala hutamlaumu.

Najua nitajibiwa kwamba dua humfikia marehemu popote inapoombewa, na nauli ya Kusini si haba. Dua inafika, sibishi. Lakini tazama tunavyofanya hitima: turubai na viti vya kukodi, ng'ombe mzima, na siku hizi hata vitambaa vya sare. Familia iliyomudu sare haiwezi kuniambia imeshindwa basi. Na safari yenyewe hatuifanyi kwa ajili ya marehemu, ambaye hana haja nayo. Mwenye haja ni kijana aliyezaliwa Mbagala, anayeandika jina la babu yake kwenye kila fomu bila kujua lilitoka kichaka gani.

Mwingine ataniambia yaliyopita si ndwele: utoto wake ulikuwa mchungu, baba mkali, mama aliachwa, ya nini kuyarudia? Huyu namheshimu kuliko yule wa nauli. Lakini kumkumbuka mzazi si kumsafisha. Mtoto aliyeambiwa kwamba babu yake alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba huko na akakawia miaka asitume hata salamu, anamjua babu huyo. Aliyeambiwa tu kwamba alikuwa mtu wa watu hajaambiwa kitu. Waelezeni watoto mazuri na mabaya yake, na mahali yalipotokea.

Lipo na la sheria, japo wengi hulidharau. Tangu 1969 tuna sheria ya kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa shughuli za umma. Barabara ikipita, ndugu anayeweza kunyoosha kidole na kusema hapa amelala fulani ndiye atakayesikilizwa. Nawe utanyooshea wapi?

Basi fanya safari mwaka huu, katika miezi ya kiangazi kabla nyasi hazijarudi. Nenda pamoja na mzee angali na nguvu za kutembea. Kwetu, tunaohesabu ukoo kwa akina mama, mtafute mjomba, au dada mkubwa wa mama, kwanza. Upande wa baba utafuata. Chukua na mtoto mmoja, aache michezo yake siku mbili, yeye ndiye ashike daftari. Andikeni kila jina linalotamkwa, hata la utani. Simu janja yako huweka alama ya mahali; iweke penye kila kaburi, kisha watumie ndugu wote, maana simu huibwa. Mzee akisahau msimkatize wala msimsaidie kubuni. Mpelekeni mpaka kwenye mti, mara nyingi mti humkumbusha. Asalimiwe pia anayelima shamba la jirani, aelezwe mmefuata nini, asije akadhani mmekuja kudai ardhi.

Na nauli ya mzee, pamoja na chai yake ya njiani, ilipe wewe.