Vitabu saba kwa miaka thelathini na mitatu

Mwulize mwanafunzi wa sekondari humu nchini akutajie kazi zote za mwandishi mmoja wa Kiswahili, yeyote amtakaye. Aghalabu atakutajia kitabu kimoja tu, nacho ni kile alichotahiniwa. Mwulize mwalimu wake swali lilo hilo, huenda akataja viwili. Sisemi haya kwa kuwadharau wenzangu, kwani nami nimo katika chombo hicho hicho, na kasia nimelishika kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nasema kwa sababu mnamo mwaka 2018, baada ya kuhangaika kwa miaka thelathini na mitatu, nilifaulu kuzikusanya riwaya zote za Muhammed Said Abdulla, na riwaya zenyewe ni saba.

Saba, si sabini! Mwingereza Arthur Conan Doyle, ambaye mpelelezi wake Sherlock Holmes ndiye aliyemwazima Bwana Msa kiko na namna ya kufikiri, aliandika riwaya nne na hadithi fupi hamsini na sita juu ya mtu huyo mmoja. Msomaji wa Kiingereza akizitaka zote, ataingia duka la vitabu na kutoka nazo kwapani zikiwa zimefungwa pamoja katika juzuu moja nene. Msomaji wa Kiswahili akiwataka Bwana Msa na Najum wote, hana budi kuwa mpelelezi yeye mwenyewe.

Kwa faida ya vijana ambao hawajapata kumjua, Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, Unguja, akafariki mwaka 1991. Alianza kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kisha mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, akasaidia uhariri wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 akaliendesha gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58 na ikachapishwa mwaka 1960. Kikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968. Baada ya kustaafu, kalamu ikafunguka kama bomba: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kisha kimya cha miaka minane, na hatimaye Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Mimi nilianzia katikati, kama waanzavyo wengi. Mwaka 1985, nikiwa mwanafunzi, nilikiokota Kisima cha Giningi chini ya kitanda cha mjomba wangu, kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Nilikisoma usiku kucha kwa mwanga wa koroboi, na asubuhi nikamwuliza mjomba aliyekiandika ni nani. Alinijibu kwamba ni "Bwana Msa mwenyewe". Nilidhani anafanya mzaha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoziangalia herufi za kwanza za majina ya mtunzi, nikatambua kwamba mjomba, ambaye hakupita darasa la saba, alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuinama. Wakazi wa Nairobi wanajua nisemalo, kwani wale wauzao vitabu vikuukuu kando ya njia huvitandaza chini, na anayetaka kuchagua sharti ainame. Duniani Kuna Watu nilikipata hivyo mwaka 1994, kimebanwa baina ya kitabu cha kemia na orodha ya bei za vipuri vya magari. Mzimu wa Watu wa Kale nilikinunua dukani kikiwa kipya, na hicho ndicho pekee ambacho hakikunitoa jasho. Mke Mmoja Waume Watatu nilikipata mwaka 1999 kwa kubadilishana na kamusi, na mke wangu hajanisamehe hadi leo. Mwana wa Yungi Hulewa nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihama nyumba.

Kwa nini vikawa adimu hivi? Sababu kubwa ni kwamba vile vinne vya miaka ya sabini vilitolewa na shirika moja, East African Publishing House la hapa Nairobi, nalo shirika hilo lilianguka katika miaka ya themanini. Nyumba ilipobomoka, vikaachwa bila mlezi. Sababu ya pili naiona kuwa mbaya zaidi, kwa maana ni yetu sisi walimu. Tuliviita vitabu vya kupitisha wakati.

Nawajua wenzangu watakaonijia juu. Watasema kwamba wataalamu wametenga riwaya dhati na riwaya pendwa, na kwamba Bwana Msa, pamoja na Inspekta Wingo wa Faraji Katalambula, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wote wako upande wa pili wa ukuta huo. Na iwe hivyo. Siugombei ukuta. Ninachouliza ni mwanafunzi gani aliyepata kuichukia lugha kwa kusoma riwaya pendwa? Nimesahihisha insha kwa maelfu, na mtoto aliyesoma hadithi za upelelezi namtambua kabla sijamaliza aya ya pili: anajua kuanza kisa, anajua kuficha jambo, na anajua wakati wa kulifichua. Yule aliyekariri dondoo za mtihani anajua dondoo za mtihani.

Isitoshe, Kiswahili cha Abdulla si cha kuokoteza. Ni Kiswahili cha barazani, cha watu wanaokunywa kahawa na kutegana kwa maneno, ambamo mhusika mmoja akiteleza neno moja tu basi amekwisha. Mwalimu akitaka kufundisha tofauti ya usemi wa mwenye shamba, wa mtumishi na wa askari, hana haja ya kwenda mbali.

Lakini faida iliyonishangaza kuliko zote sikuipata katika kitabu kimoja kimoja. Niliipata nilipovipanga vyote saba mezani kwa mfuatano wa miaka na kuvisoma upya kimoja baada ya kingine, likizo nzima. Hapo ndipo nilipomwona mtunzi mwenyewe. Nilimwona mkaguzi wa afya ambaye kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu na kuangalia walichodhani hakionekani. Jicho la Bwana Msa ni jicho la mkaguzi: hashtuliwi na fahari ya sebule, anataka kujua kilichoko uani. Nilimwona pia mhariri wa gazeti la wakulima, mtu aliyezoea kumweleza msomaji jambo zito kwa lugha ambayo haimwonei. Na nilimwona akibadilika. Katika vitabu viwili vya mwanzo anachukua hofu za Visiwani, yaani mzimu ambako maiti inapatikana, na Giningi inayotajwa katika masimulizi ya wachawi, kisha anamwacha Bwana Msa athibitishe kwa akili tupu kwamba nyuma ya kila shetani kuna binadamu mwenye haja zake. Katika vile vya baadaye mizimu haina kazi tena. Mafumbo yamehamia ndani ya nyumba: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, na kwa siri gani. Cha kwanza kilitoka Unguja ingali ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza, na cha mwisho kikatoka miaka ishirini baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtu aliyesoma kimoja tu atajuaje safari hiyo? Na baada ya kumfuata kwa vitabu sita mtu anayewazidi wote werevu, jina tu la kile cha saba linatosha kumshtua msomaji. Ila msomaji awe amevipitia vile sita kwanza, la sivyo ni jina tu kama majina mengine.

Nirudi kwenye msako. Kufikia mwaka 2011 nilikuwa navyo vitano. Nilikuwa Mombasa kwa shughuli ya mitihani, nikaingia katika kiduka cha mzee mmoja katika Mji wa Kale, aliyeuza tasbihi, kalamu na vitabu vichache. Kosa la Bwana Msa kilikuwa rafuni nyuma yake. Nilimwuliza bei. "Hicho siuzi, mwanangu," akasema. "Lakini chukua ukasome, kisha unirudishie." Nikamwambia mimi natoka bara, hanijui, itakuwaje aniamini? Akacheka, akaniambia kwamba mtu anayeulizia kitabu hicho si mgeni.

Sikukirudisha. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Nilipofika tena pale mwaka 2016, kiduka kilikuwa kinauza simu, na kijana aliyekuwamo akaniambia kwamba mzee alikwisha kufariki.

Sasa sikilizeni aibu yangu hasa. Mwaka 2013, mzee yule angali hai na kitabu chake kikiwa ndani ya sanduku langu la bati lenye kufuli, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuja chumba cha walimu. Alikuwa amekisoma Mzimu wa Watu wa Kale katika maktaba ya mji akasikia kwamba ninavyo vingine. "Mwalimu, naomba uniazime hicho cha mwisho, nitakifunika kwa gazeti." Nilimkatalia. Nilimweleza jinsi kilivyo adimu, nikamweleza taabu nilizozipata, nikamwambia akazanie vitabu vya mtihani. Alisema "Asante, Mwalimu" na kuondoka, wala hakuniomba kitabu tena hadi alipomaliza shule. Nilimnyima mtoto kwa kuogopa asirudishe, ilhali mimi, mtu mzima mwenye mshahara, ndiye niliyekuwa sijarudisha.

Kilichobaki kilikuwa Siri ya Sifuri. Nilikitafuta River Road, nikakitafuta Kisumu, nikawaagiza waliokwenda Dar es Salaam na Unguja. Januari 2018 serikali ilipoanza kuleta vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za sekondari, shule moja niliyokuwa nikifundisha ilihitaji nafasi, ikaamua kuifagia ghala yake. Vitabu vikuukuu vilirundikwa uani vikingoja mnunuzi wa karatasi wa kupima kwa kilo. Nilipita pale kwenda darasani, nikaona kipande cha jalada. Siri ya Sifuri kilikuwa mle! Kimepigwa muhuri wa shule, na tarehe ya mwisho kuazimwa ilikuwa ya mwaka 1989. Kwa miaka yote niliyokuwa nikiinama vichochoroni, kitabu kilikuwa hatua hamsini kutoka mezani pangu, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake haukujulikana uliko. Nilimwendea mkuu wa shule kumsihi rundo lile lisiuzwe kabla halijachambuliwa. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu, kuna chochote humo kinachotahiniwa?"

Swali lake si la mtu mpumbavu. Ni swali tulilomfundisha sisi kuuliza. Ndiyo maana sioni haya kutoa shauri ambalo wengine wataliona la kichaa. Wateuzi wa vitabu vya fasihi, badala ya kuteua kitabu, wateue mwandishi walau mara moja katika kila mzunguko. Mtahiniwa asome kazi tatu au nne za mtu mmoja, aulizwe jinsi mtunzi alivyoanza na alikofikia. Haidhuru awe Abdulla, Shaaban Robert, Said Ahmed Mohamed au Ken Walibora. Wachapishaji wakiona soko, watavitafuta vilivyopotea. Kwa upande wa Abdulla lazima waonane na warithi wake, kwani kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka hamsini baada ya mwaka aliofariki mtunzi, yaani hadi mwisho wa mwaka 2041. Wanaonishauri nivitoe vivuli nigawe nawaomba waisome sheria hiyo. Lakini tukikaa tukingoja 2041, sijui nakala gani itakuwa imebaki ya kuchapisha.

Kwa sasa sanduku langu la bati liko katika pembe ya maktaba ya shule ninakofundisha, na kufuli nimeling'oa. Juu yake pana daftari la kurasa tisini na sita na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwalimu mwenzangu alinionya kwamba muhula mmoja utatosha kuvimaliza vyote. Muhula wa kwanza kilipotea kimoja, Duniani Kuna Watu, kikarudi baada ya miezi mitano kikiwa na jalada jipya la katoni ya unga, limeshonwa kwa mkono. Leo asubuhi nimehesabu, vimo sita. Kosa la Bwana Msa kimetoka tangu wiki mbili kabla ya kufunga shule, na mvulana aliyekiazima ameandika katika daftari, mahali pa tarehe ya kurudisha, kwamba nyanyake naye ameanza kukisoma.