Suns Msirudie Kosa la 2004: Nambari 10 ni ya Maluach

Usiku wa kuamkia Alhamisi hii, saa tisa, hakikisha simu iko na chaji na bundles umenunua mapema. Drafti ya NBA inafanyika Brooklyn, na hapa Kalobeyei kuna wasee hawatalala. Story si Cooper Flagg, huyo kila mtu anajua Dallas wanambeba wa kwanza. Story yetu ni nambari 10.

Kama wikendi ulikuwa mteja, iko hivi: Phoenix Suns wamekubali kumwachilia Kevin Durant aende Houston. Kwa hiyo dili wanapata Jalen Green, Dillon Brooks na hiyo nafasi ya 10. Msimu walimaliza na ushindi 36, wakachapwa 46, na playoffs wakaziona kwa TV kama wewe. Wanahitaji jamaa mrefu. Mabishano ni mawili: Derik Queen wa Maryland ama Khaman Maluach wa Duke?

Tumpe Queen haki yake. Pointi 16.5 na ribaundi 9 kila mechi. Machi ndiye alizamisha Colorado State na shuti ya mwisho, saa ikiisha. Akiwa na mpira, huyo boy ni moto. Lakini kwa senta yeye ni mfupi, na walipopimwa kuruka hakufurahisha mtu. Sasa nani atalinda ringi? Booker? Wacha jokes.

Maluach ni futi 7 inchi 2. Akiinua mkono bila kuruka, amebakisha inchi chache tu kugusa ringi. Duke alikuwa na pointi 8.6 na ribaundi 6.6, na zaidi ya asilimia 70 ya shuti zake ziliingia.

Najua utaniuliza kuhusu nusu fainali na Houston. Sawa, tuongee ukweli. Dakika 21, ribaundi sufuri. Duke wakalala 70-67. Hiyo ni noma kwa mtu wa urefu huo, siwezi kuificha.

Lakini angalia tarehe: 5 Aprili 2025. Siku hiyo hiyo Marekani ilitangaza inafuta viza za kila mtu mwenye pasi ya Sudan Kusini, na pasi ya Maluach ni hiyo. Sisemi ndiyo sababu alicheza vibaya, sijui kichwa chake kilikuwa wapi. Nasema ni dogo wa miaka 18 aliyeingia uwanjani siku kama hiyo, na bado mnampima kwa mechi moja.

Alianza basketi akiwa na miaka 13, Uganda. Akapelekwa akademi ya NBA kule Senegal. Akiwa 17 alikuwa Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini. Kwa miaka mitano hivi ametoka sufuri hadi hapo. Ribaundi zinafundishwa, urefu haufundishwi.

Na Suns wana deni. Mwaka wa 2004 walichagua Msudan Kusini mwingine kutoka Duke, Luol Deng, nambari 7. Wakampeana Chicago Bulls papo hapo. Deng akakuwa All-Star mara mbili, na baadaye akaongoza basketi ya Sudan Kusini. Kosa likirudiwa mara ya pili, hilo ni chaguo.

Mbona sisi huku Turkana tunajali? Kwa sababu huku karatasi ndiyo huongea kwanza. Movement pass, alien card, result slip. Mimi niliacha college katikati, najua vile mtu hukuangalia akisoma form yako hadi pale pamebaki wazi. Drafti ni mahali pa ajabu: mtu analipwa mamilioni kwa kile anaweza kuwa kesho.

Lakini tusidanganyane kwamba ni kipaji tu. Maluach alionwa. Kuna mtu alimpa kocha, viatu na tiketi ya ndege. Warefu wako hapa pia, wanacheza kwa vumbi jua likishuka, na hakuna mtu amekuja na daftari.

Kwa hivyo Suns, chukueni Maluach. Halafu kesho yake mtu atume daftari huku.

Wewe je, uko upande gani? Queen ama Maluach?