Diski ya Bandia ya Shingo: Upya Wake Si Hoja

Shingo ya mwanadamu ina pingili saba, na baina ya pingili hizo, isipokuwa mbili za juu kabisa, mna diski, mto laini uzuiao mifupa kusagana. Diski ikichomoza huweza kubana neva, na maumivu yakashuka begani hadi vidoleni. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kwa dawa, mazoezi na subira ya majuma kadhaa. Wasiopata ndio hufikiriwa upasuaji.

Tangu miaka ya 1950 njia iliyotawala ni kuiondoa diski kwa kupitia mbele ya shingo na kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Maumivu hutulia, lakini mahali hapo hapapindi tena, na huhofiwa kuwa mzigo wake huzielemea diski jirani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikadiria kuwa takriban robo ya waliounganishwa pingili wangepata maradhi mapya jirani na hapo ndani ya miaka 10. Hofu hiyo ndiyo iliyoipa nguvu diski ya bandia, ya chuma au ya chuma na plastiki, ambayo huiacha shingo iendelee kugeuka.

Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2007, kwa diski moja tu. Mwaka 2013 ikaidhinisha nyingine iwezayo kutumika kwa diski mbili zinazofuatana. Tangu hapo takwimu za hospitali za nchi hiyo zaonyesha matumizi yake yakipanda, ingawa kuunganisha pingili bado ndiko kufanywako zaidi. Wanaowekewa aghalabu ni wenye umri mdogo zaidi, wasio na maradhi mengi mengine, na wenye bima binafsi. Basi si utabibu pekee uliosukuma ongezeko hilo: kampuni za bima zilizokuwa zikikataa kulipa nazo zilianza kukubali, matokeo ya miaka mingi yalipodhihiri.

Kwa hiyo wingi wa wanaowekewa si ushahidi kuwa kila mwenye kuumwa shingo aihitaji. Mwenye mifupa dhaifu, au ambaye viungo vya nyuma vya shingo vimelika sana, kwa kawaida haimfai; na kuunganisha pingili kungali tiba njema kwa wengi.

Nayasema haya kwa kuwa zipo familia zetu zinazochanga, pengine zikauza kiwanja, ili mgonjwa apelekwe India. Kabla ya kuuza, muulizeni daktari: je, picha ya MRI yalingana na maumivu anayoyasikia? Tiba isiyo ya kisu imejaribiwa ipasavyo? Kwa nini hii na si ile? Akirudi, nani atamwangalia?

Lakini mikono ikidhoofu, mwendo ukiyumba, au haja ikimtoka mtu bila kujua, msingoje mchango wala ushauri wa jirani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.